Uzinduzi wa Choo cha Mkwe

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma kwamba choo cha nyumbani kwangu hakiyumbi tena. Mchakato wa kukitengeneza ulikuwa shirikishi, wa wazi, na ulizingatia taratibu zote za utumishi, ukiacha zile dakika chache za mwisho ambapo kilitengenezwa. Najua yamesemwa mengi kwenye vijiwe vya bodaboda pale Chimwaga, na mengi yamesemwa na watu ambao hawakualikwa hata kwenye chai. Mimi nilikuwepo. Choo ni changu, ingawa ni cha serikali, na mkwe ni wangu, ingawa kwa sasa naye ni kama wa serikali.

Naitwa Methusela. Ni Mkurugenzi Msaidizi katika Wakala wa Uthabiti wa Viti vya Umma. Wananchi wengi hawaijui kazi yetu, na hilo linatusikitisha, kwa sababu wanaikalia kila siku. Benchi la zahanati, kiti cha mapokezi, gogo la kukalia nje ya ofisi ya kata, vyote viko chini yetu. Benchi likicheza, sisi ndio tunaoamua kama linacheza. Kabla hatujaamua, mwananchi anashauriwa kuendelea kukaa.

Nyumba ninayoishi ni ya watumishi, nje kidogo ya Chimwaga, upande ambao vumbi hupita kwanza kabla ya kwenda kusumbua watu wengine. Sinki la choo ni lile la kukaa. Lilianza kucheza kidogo kidogo. Mwanzoni liliitika ukiegemea upande mmoja, baadaye likawa linatikisika hata ukikohoa. Mimi nilizoea. Unatanguliza mguu wa kushoto, unashika beseni la kunawia, unafanya shughuli yako kwa nidhamu. Mtumishi wa umma hashindwi kuzoea.

Kisha mama mzazi wa mke wangu akateleza kwenye tuta la jaruba la mpunga kule Bahi, akavunjika nyonga. Hospitali walimfunga vyuma. Siku walipoanza kuzungumza habari za kumruhusu, daktari alimwita mke wangu Emilia pembeni akamwambia mama asichuchumae, asiinuke kwa ghafla, na juu ya yote asianguke tena. Akianguka tena, alisema, hakutakuwa na mfupa wa kufungia vyuma. Choo cha kule Bahi ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Kwa hiyo ilibidi mama aje kwetu, na kwetu sinki la kukaa ndilo lile.

Hapa sina budi kueleza jambo moja kwa wasomaji waliolelewa vinginevyo. Sisi tulivyolelewa, mwanamume hamtaji mkwe wake kwa jina. Hamwangalii usoni kwa muda mrefu. Hachangii naye choo. Na habari ya mkwe kwenda chooni hata haiwazi, achilia mbali kuizungumza. Mkwe, kwa mkwewe, ni mtu asiye na tumbo. Akija kukaa kwako, choo kinakuwa chake, na wewe mwanamume utajua pa kwenda.

"Baba Hana," Emilia aliniuliza jioni ile, akiniita kwa jina la mwanetu, "mama atakalia nini?"

Nikatazama dari. Anajua kabisa kwamba swali kama hilo siwezi kulijibu.

"Sikuulizi kama mkwe. Nakuuliza kama mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni serikali," nikamjibu.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikamkuta yuko chooni na fundi bomba. Emilia ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyependa kurudia maelezo, na mkononi alikuwa na spana mpya ambayo karatasi yake ya dukani ilikuwa haijatoka. Fundi alikuwa amelala kifudifudi kama anayesikiliza ardhi. Akasema nati za chini zimelegea, zikikazwa na kuwekewa saruji nyeupe kidogo, kazi imekwisha.

Nilimwomba atoke. Sinki lile lina namba ya mali ya umma, imepigwa ubavuni kwa rangi nyeusi. Kulikaza bila kibali ni kulihujumu. Nikamweleza Emilia kwamba leo atakaza nati, kesho atataka kukaza watu.

"Mama yangu akianguka mle ndani, Methusela," alisema, "usije ukanisemesha."

Alipoacha kuniita Baba Hana, nilijua mambo yamekuwa makubwa. Niliogopa. Na siyo kwamba niliogopa kununiwa. Yule mama nampenda. Nilipokwenda kwao kuposa nikiwa na viatu vya kuazima, wajomba walitaka niondoke kabla chakula hakijaiva, na yeye ndiye aliyesema kijana asikilizwe. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mtumishi mwaminifu hufanya akiogopa. Nililipeleka suala kikaoni.

Mkurugenzi Mkuu wetu, Mheshimiwa Apolinari, ni mtu wa tai nyekundu na sauti ya mimbarini. Nilisubiri afike kwenye mengineyo, nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kuna sinki la kukaa limekosa uthabiti katika nyumba ya mtumishi. Ni langu. Naomba kibali cha dharura, kwa sababu natarajia mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mheshimiwa, siwezi kumtaja."

Mkurugenzi Mkuu akavua miwani. "Hata kwangu?"

"Hata kwako, Mheshimiwa. Kumtaja ni utovu wa adabu."

"Anatokea wapi?"

"Atatokea upande wa Bahi."

"Ziara ya kushtukiza," alinong'ona Mustapha, afisa itifaki wetu, na kalamu ikamdondoka.

"Ni mtu mzima?" aliuliza Mkurugenzi Mkuu, sasa sauti yake ikiwa imeshuka hadi ya kibinadamu.

"Mtu mzima sana. Hakuna mtu ninayemheshimu kama yeye."

"Sote tunamheshimu," alisema haraka, akaangalia mlango. "Ana msafara mkubwa?"

"Hapana. Msaidizi mmoja tu, wa kumshika mkono wakati wa kushuka."

"Ndivyo alivyo," alisema Mkurugenzi Mkuu kwa hisia. "Hapendi makuu."

Nilishangaa kidogo kwamba wanamfahamu, lakini nilifurahi. Sikuwahi kujua kwamba serikali yangu inawathamini wakwe kiasi hicho.

Kamati ya Dharura ya Uthabiti iliundwa kabla chai haijapoa. Mwenyekiti wake alikuwa Mhandisi Obedi, katibu wake Jenifa wa masijala, na Mustapha akaingizwa kwa upande wa itifaki. Siku hiyo hiyo greda lilipita barabara yetu, ambayo tangu tuhamie hapo ilikuwa inalimwa na mvua tu. Wakaleta tanki la maji na maji yake, wakapaka ukuta wa mbele rangi, wa nyuma wakauacha kwa kuwa hauonekani kutoka barabarani. Wakapanda maua yaliyokwisha kuota, wakayafunga kamba yasiinamishwe na upepo. Emilia alisimama dirishani akiwa amekunja mikono.

"Na sinki?" aliuliza.

"Sinki lina kamati," nikamwambia kwa fahari.

Kamati ilikutana sebuleni kwangu. Hadidu za rejea zilikuwa tatu: kubaini kama sinki linayumba, kubaini linayumbia wapi, na kupendekeza namna bora ya kuyumba. Wajumbe walifanya majaribio ya uwandani kwa zamu. Kwa kuwa Emilia alikuwa amepika mlenda na ugali wa uwele, na wajumbe wawili walikuwa wageni wa vyakula hivyo, majaribio yalikuwa mengi kuliko yalivyopangwa. Kufikia jioni sinki lilikuwa linatikisika hata mlango wa mbele ukifungwa.

"Samahani mwenyekiti," alisema Jenifa, "hivi hatuwezi kukaza nati?"

"Hilo ni suala la utekelezaji," Mhandisi Obedi alimjibu kwa upole. "Sisi bado tuko kwenye upembuzi."

Wakahitimisha kwamba kuyumba kupo, ila kuko ndani ya kiwango kinachovumilika iwapo mtumiaji ataegemea kushoto. Wakachora mshale mwekundu ukutani kuonyesha kushoto ni wapi. Kisha, kwa sababu za kiusalama, wakafunga mlango wa choo kwa utepe wa rangi za taifa na kumweka mgambo, ili mtu asikitumie wala kukigusa hadi kizinduliwe na mgeni mwenyewe. Tangu hapo familia yangu ikawa inajisitiri kwa jirani yetu Zablon.

Asubuhi Emilia alisema neno moja tu. "Nyonga yake ya kushoto ndiyo yenye vyuma. Umesikia, Baba Hana? Akiegemea kushoto anaanguka." Alisema akiwa amegeukia ukuta. Nikatoka nje nikamwambia mgambo kwamba kama mwenye nyumba ninataka kuingia na spana. Mgambo akaniuliza kama nina kitambulisho cha mradi. Sikuwa nacho. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niliona utaratibu unachosha, lakini nilijirekebisha mara moja.

Mama aliruhusiwa hospitali siku ya Jumamosi. Emilia alikwenda kumchukua. Kwangu palikuwa na hema jeupe, viti vilivyovalishwa mashuka, kipaza sauti, waandishi wa habari na kwaya ya watumishi. Mkurugenzi Mkuu alifika saa mbili asubuhi akiwa na suti ya bluu na tai yake. Akanywa chai. Mgeni hakutokea. Akanywa nyingine, yenye maziwa. Saa nne jua la Dodoma lilipoanza kuuma, akaletewa maji ya chupa, akayamaliza, akaletewa mengine. Saa tano nilimwona ameweka mguu mmoja juu ya mwingine, kisha akabadilisha.

"Choo kiko wapi?" alimnong'oneza Mustapha.

"Kiko ndani, Mheshimiwa, lakini kina utepe. Ni kwa agizo lako."

Mkurugenzi Mkuu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hukumu ya haki.

Ilikaribia saa sita tulipoona bajaji inakuja taratibu juu ya barabara iliyochongwa. Mustapha aliiwahi mbele ya geti akiwa amenyoosha viganja vyote viwili. "Geuza, geuza! Hapa anasubiriwa mgeni mzito."

"Mgeni mwenyewe ndiye huyu," alisema Emilia kutoka ndani, "na umemsimamisha juani. Shika hayo magongo."

Mustapha akashika magongo. Akatoka mama yule, mwembamba, kitenge cha kijani, kilemba cheupe, mguu wa kushoto ukiwa haujaamini ardhi bado. Kwaya, ambayo ilikuwa imeambiwa ianze mgeni atakapokanyaga chini, ilianza. Mimi niliinamisha macho kama inavyopasa.

"Huyu ni nani?" Mkurugenzi Mkuu aliniuliza kwa meno yaliyofungwa.

"Ndiye mgeni, Mheshimiwa. Mama mkwe wangu."

"Ulisema hatajwi!"

"Mkwe hatajwi, Mheshimiwa."

Uso wake ulipita rangi ambazo hazimo kwenye mwongozo wa Wakala. Alimtazama Mhandisi Obedi, Obedi akatazama maua. Lakini kamera zilikuwa zimeshageuka, na mtu hafiki pale alipofika bila kujua namna ya kuanguka kama paka. Akachukua kipaza sauti.

"Mbukwenyi!" alinguruma kwa salamu ya Kigogo. Watu wakaitikia. "Wapo waliodhani leo tunampokea mkubwa fulani. Sisi, Wakala wa Uthabiti, hatuna mkubwa kuliko mama! Mama huyu ni mkwe wa Methusela. Basi nasema mbele yenu: mkwe wa Methusela ni mkwe wangu! Ni mkwe wa kurugenzi zote! Ni mkwe wa Wakala mzima!"

Makofi yalipigwa. Mama alimwinamia Emilia, akamwambia kitu sikioni. Mkwe hazungumzi na wakwe moja kwa moja mbele za watu, huwa anapitishia kwa binti.

"Mama anashukuru," Emilia alisema kwa sauti ya darasani. "Anauliza, huyo baba mwenye tai nyekundu ni mkwe kweli, au ni mkwe wa kipaza sauti?"

Watu wakacheka. Kamera moja ilisogea karibu. "Mkwe kweli!" alisema Mkurugenzi Mkuu, akainua mkono wa kuume. "Naapa, na wenzangu wote hawa ni mashahidi, na wao ni wakwe pia!"

"Mama anasema amepokea. Anauliza tena, kama ninyi ni wakwe, mmejipanga hapa mlangoni mnangoja nini, na yeye ametoka safari ndefu ya bajaji?"

Niliona haya hadi masikioni. Nilimwambia Mkurugenzi Mkuu kwa sauti ya chini kwamba utepe ukishakatwa, wakwe wote wanapaswa kutoka nje ya geti. Mama akakata utepe, mgambo akapiga saluti, na sisi tukatoka: Mkurugenzi Mkuu, wakurugenzi, mwenyekiti wa kamati na itifaki yake, tukasimama barabarani kwenye jua kama abiria wa basi lililoharibika. Mkurugenzi Mkuu alikuwa anasimama kwa mguu mmoja, halafu kwa mwingine.

Hatukungoja sana. Emilia alitokea getini, na waandishi nyuma yake.

"Linacheza," alisema. "Mama ameligusa kwa gongo tu, likainama. Hakai. Amerudi chumbani, na anasema kwao mkwe akija ukweni hupewa jembe, watu waone kama ameoa au ametania. Hapa hatuna jembe." Akafungua pochi akatoa spana. "Anasema aanze mkwe mkubwa."

Wote tukamwangalia Mkurugenzi Mkuu, kwa heshima ya umri.

"Obedi ndiye mhandisi," alisema.

"Mimi kwa kuzaliwa ni mdogo wako, Mheshimiwa," alisema Obedi. "Siwezi kukutangulia ukweni."

Mkurugenzi Mkuu alivua koti, tukaingia naye chooni. Alipiga magoti kwenye sakafu, tai ikamwangukia ndani ya sinki, akaitupia begani. Waandishi walijaa mlangoni. Akauliza akaze kuelekea wapi, na Mhandisi Obedi akaanza kueleza kwamba inategemea. Emilia akasema kulia. Akakaza. Akahamia upande wa pili, akijikaza mwenyewe kuliko nati, jasho likimtoka, akakaza tena. Jenifa akaegemea sinki kwa mikono miwili na uzito wake wote. Sinki likatulia tuli.

"Tungelifanya hivi tangu mwanzo," alisema Jenifa.

"Tusingekuwa na uzinduzi," Mustapha akamjibu.

Tukarudi nje ya geti. Najua sikupaswa kutega sikio, lakini nilitega. Nilisikia magongo yakienda, taratibu, gongo, hatua, gongo. Nikasikia mlango. Kisha kimya, kimya kirefu, na mimi nikiwa nimeshika nguzo ya geti nikingoja kishindo. Kishindo hakikuja. Nikasikia maji yakimwagika, na mama akicheka kidogo na binti yake. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, na sioni aibu kusema kwamba machozi yalinitoka. Nati! Nyonga ya mama wa watu tulikuwa tumeiweka rehani kwa ajili ya nati, na mimi nilikuwa najua.

"Methusela." Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameinama juu yangu, koti amelishika mbele kwa mikono miwili. "Mkwe amemaliza. Niingie sasa."

"Kufanya nini, Mheshimiwa?"

"Unafikiri kufanya nini? Nipo hapa tangu saa mbili!"

Nilisimama nikajifuta macho. "Mheshimiwa, hatuchangii choo na mkwe. Tangu alipoingia, kile ni chake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nyonga ipone."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kwa Zablon, Mheshimiwa. Ila Zablon ni Msabato. Leo yuko kanisani na nyumba ameifunga."

Alijaribu kupita. Emilia alikuwa kwenye kizingiti, na kando yake kamera yenye kitaa chekundu kinachowaka. "Mheshimiwa," alisema kwa adabu zote, "mkwe kweli si ulisema?"

Mkurugenzi Mkuu wa Wakala wa Uthabiti wa Viti vya Umma aliitazama ile kamera. Akatazama magari ya msafara, yaliyozuiana kwenye barabara nyembamba. Akatazama ng'ambo ya mtaro, ambako hakuna nyumba hata moja, ila vichaka vya miiba na mbuzi. Kisha aliondoka, kwanza kwa mwendo wa kiongozi, halafu kwa mwendo wa mtu yeyote. Mustapha alitaka kumtangulia kama itifaki inavyoelekeza, akafikiri, akabaki.

Emilia alirudi ndani, akatoka tena na ujumbe.

"Mama anauliza mkwe mkubwa yuko wapi. Anataka kumshukuru, na uji uko tayari."

Kule vichakani tulisikia mbuzi wakitawanyika, na mtu akilalamikia miiba.

"Mwambie mama asubiri," alisema Mhandisi Obedi. "Mheshimiwa bado yuko kwenye upembuzi."